Maji ya Ukuta

Ansab, Maskati

Mdogo wangu Nunu,

Salamu zako za Unguja zimenifika. Nimo edani bado, kutwa nnatazama dirishani chumba anachotuongezea mwanangu Yaqdhan.

Shemegi yako Hamoud, Mungu amrehemu, kila akitoka kusali alfajiri akiumwagia maji ukuta mpya usije ukapasuka. Tangu tumzike, mafundi wakija asubuhi wanaukuta umesharowa. Wao wanadhani ni Yaqdhan, Yaqdhan anadhani ni wao.

Jana nilizikosha ndara za marehemu, nikazifungia kabatini. Leo nimezikuta mle mle, zimerowa, zina mchanga wa ujenzi.

Yaqdhan anasema ukuta umeshakomaa, hautaki maji tena. Nimemwambia bado haujashiba.

Dada yako,
Hamdiya