Mkanda wa Pikipiki ya Nesi

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikiandika "mke wangu" nasimama kidogo, nisome tena.

Mke wangu amekabidhiwa pikipiki ya nesi! Ile kubwa, ya mkanda badala ya mnyororo. Gereji nzima anakofanya kazi hakuna fundi aliyewahi kugusa ya aina hiyo. Mwenye gereji kamwambia ikitoka salama, atafanya kazi zake bila kusimamiwa. Ikirudi na kasoro, atarudi kuziba pancha. Kwa furaha nimeshona mikono miwili ya shati upande mmoja. Mteja hakufurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefunga cherehani mapema, nikaenda kumtazama. Kalala chini, shavu kwenye saruji, mafuta hadi kwenye nyusi. Mzuri kupita siku ya harusi — na siku ile nilikosa pumzi.

Anapima kwa waya aliounyoosha mwenyewe, una kipande cha mpira kinachoteleza. Ncha kwenye bolti ya mbele ya mkono unaoshika gurudumu, mpira kwenye kitovu cha ekseli. Kisha upande wa pili. Kisha anazungusha gurudumu polepole na kuukodolea mkanda macho. Unaegemea kushoto. Anakaza nati kidogo tu. Anazungusha tena. Mara kumi na moja, nimehesabu.

Fundi rangi kaniuliza nalalaje na mtu anayenuka grisi. Nikamjibu, ndugu yangu, siku hizi marashi yananipa mafua. Mafundi wakacheka. Mke wangu hakugeuka, lakini nilimwona mabega yanamtikisika.

Saa kumi mkanda ulitulia katikati ya puli, lile duara la meno unalozungukia. Tumeileta pikipiki nyumbani, nesi ataichukua hapa kesho.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi kaenda kwa mama yake. Nikaifuta pikipiki, kumfurahisha. Ndipo nikaona. Kwenye mikono ya gurudumu kuna mistari ya kiwandani. Kulia, ekseli iko mstari wa nne. Kushoto, wa tatu na nusu.

Nesi akiona? Mwenye gereji akiona? Mpenzi wangu kachoka, kakosea, nami nipo. Mkanda si mgeni kwangu, cherehani yangu inaendeshwa kwa mkanda. Na hesabu nilifaulu vizuri kidato cha nne. Nimechukua spana zake. Sasa nne kwa nne, sawasawa kama pindo la suruali.

Sitamwambia. Mapenzi mengine ni ya kimyakimya. Nesi kaichukua saa nane, kaondoka akinipungia mkono.

Jumatatu, 10 Machi

Imerudi. Nesi anasema ililia njia nzima kama paka aliyefungiwa ndani, na ukingo wa mkanda umeanza kulika. Mwenye gereji hakupaza sauti. Alimwelekeza mke wangu kwa kidevu tu — kule kwenye karai la pancha.

Kaja dukani kunisimulia, macho makavu. Anasema mistari ya pikipiki ile imepigwa vibaya kiwandani, aliliona hilo tangu mwanzo, ndiyo maana akapima kwa waya. Akaniuliza kama kuna mtu aliigusa.

Nikasema sijui.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nimekaa juu ya tairi, gereji. Nimekiri mbele ya wote, nesi akiwepo. Mwenye gereji kanitazama juu hadi chini. "Bwana harusi, na mimi nije nikukatie suti?" Wakaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Kaniuliza nani aliniambia kakosea.

Nikasema, mistari.

"Mistari ukaiamini. Na mimi je?"

Mwenye gereji kasema habari za karai la pancha tutazungumza mkanda ukishakaa. Basi mke wangu akanipa waya. "Pima."

Nimepima mara tisa. Kila nikizungusha gurudumu, mkanda unakimbilia kushoto. Fundi rangi kaacha brashi yake aje kuona. Nina aibu hadi kwenye visigino, na bado najivuna. Humu ndani wanaume saba, na anayejua dawa ya mkanda huu ni mmoja tu, naye ni mke wangu.

Sasa nesi amemwita pembeni, wanaongea chini kwa chini. Kabla ya kwenda, mke wangu kaniambia nisiguse nati.

Sijaigusa.