Makochi ya Rangi ya Machungwa

Mdogo wangu Nyamizi,

Mwangaluka. Huko Kalemela dagaa wanapatikana? Hapa Bariadi mvua imeanza, na sebule yangu ilipendeza. Makochi niliyokuambia yalifika: kitambaa cha rangi ya machungwa, mito ya zambarau, ndani pamba ya shamba langu mwenyewe.

Shemeji yako Mashimba hakuyapenda. Alisimama mlangoni akasema, "Umenigeuzia nyumba kuwa baa?" Akachukua panga, akayachana yote matatu, pamba ikaruka mpaka darini. Nilipolikumbatia la mwisho, mkono wake haukusimama. Bega nimeshonwa nyuzi tisa. Mama usimwambie.

Makochi nimeyashona mwenyewe kwa mkono uliobaki mzima. Rangi bado inawaka, na damu haionekani sana.

Leo ni siku ya nne analitafuta panga lake. Anazunguka uani, ananitukana, akichoka anarudi kukaa kwenye kochi lile lile na kudai chai. Nampelekea. Panga nimelishonea ndani ya mto anaouegemea, Nyamizi, na uzi wa kuvuta naujua.

Wako wa tumbo moja,
Felisita