Hewa Ukaa na Panga la Mama

Kwamndolwa, Korogwe

Mama yangu,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza umeitikia ukiwa bado unatafuta pa kukaa. Keti vizuri, uegemee ukuta. Goti limeamkaje? Na ile mihogo ya bondeni, mvua imeikuta au imeipita? Sisi huku wazima. Mjukuu wako Shabani anaota meno, halali na hataki mtu alale. Dada yake Mwanaidi amejua kusema "bibi", ila anamwita hivyo kila mtu, hata mlinzi wa getini kazini kwangu, na yule mzee anaitikia. Baba yao bado yuko kwenye mkonge, anarudi mikono imechomwa miiba, lakini anarudi. Tunamshukuru Mungu.

Kaka Rajabu, shikamoo na wewe. Najua wewe ndiye unayesoma, kwa sababu mama hasomi na hapo Kwaluguru karatasi zote za nyumbani ni zako. Barua hii nimempa jirani yetu wa hapo nyumbani, Mama Fatu, nikamwambia asiondoke mpaka iishe. Yeye naye hajui kusoma, lakini ameona nimejaza karatasi pande zote mbili. Ukimaliza upesi atajua umeruka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni yako, kaka. Nikipiga unaishika wewe, mama anasema yale ambayo mwenye simu atapenda kuyasikia. Majuzi nilimuuliza, mama mnapikia nini siku hizi? Akanijibu, "Tunapika tu." Mtu akikuambia tunapika tu, ujue kuna neno.

Neno lenyewe nimelipata kwa Mama Fatu alipokuja hospitali hapa Korogwe kuonesha macho yake. Alikaa kwangu wiki nzima akitibiwa. Nilikuwa nasonga ugali kwenye jiko la gesi la mwenye nyumba, yeye anatazama ule moto wa bluu, halafu akasema taratibu, "Mwenzio mama yako anapikia kinu."

Nikamwambia, "Anatwanga kwenye kinu."

"Nimesema anapikia. Kaazima shoka, kakipasua. Kinaungua vizuri tu, kilikuwa kikavu."

Mama, kile kinu cha bibi. Kilipasuka ubavu mimi bado niko shule, ukakataa kisitupwe, ukasema kitu kilicholisha watu hakitupwi. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, ugali ukaungua.

Ndipo akanisimulia. Kwamba ulikwenda mlimani kuokota kuni kavu kama siku zote, ukarudi na mzigo wako kichwani. Pale njia inapotokea msituni ukamkuta Rajabu amesimama, amevaa lile koti la kijani la walinzi wa msitu. Akakwambia, "Mama, tua mzigo." Na wewe ukacheka, ukatua, ukamwambia Mungu akubariki mwanangu, leo shingo imechoka. Ulidhani anataka kukupokea.

Kaka, hapo usishushe sauti. Soma kama nilivyoandika. Mama alidhani unataka kumpokea.

Ukachomoa panga kwenye mzigo, panga ambalo mpini wake alichonga marehemu baba, ukazichukua na kuni. Wanawake wenzake wako nyuma yake wanaona. Mama alipokuuliza, kuna nini, ukamjibu, "Serikali imekataza. Kazi ni kazi, mama." Kaka, kazi ipi? Mama alikubeba mgongoni akipalilia mahindi ya watu ili wewe uende shule, hakukwambia hata siku moja kwamba kazi ni kazi.

Na kuni zenyewe Mama Fatu anasema zililundikwa nyuma ya ofisi ya kijiji, na wageni walipokuja kukagua msitu ndizo zilizopika pilau lao. Waliopika ni wanawake wale wale wa njiani. Nimelirudia hilo kichwani siku zote hizi, nikiwa naosha vyombo, nikiwa namnyonyesha mtoto, na bado sijapata pa kuliweka.

Mama, unakumbuka ulivyonisimulia ule mkutano? Ulikuwa na furaha. Ulisema wamekuja wageni na magari, wamesema kijiji kitauza mkaa kwa kibali, hakuna tena kukimbizana na maaskari. Ulisema wewe na wenzako mlikaa nyuma, spika inakoroma, lakini neno mmelisikia. Mzee Sefu akasimama akauliza, tutauza kwa gunia au kwa debe? Mgeni akamjibu, "Kwa tani, mzee wangu." Watu wakapiga makofi mpaka watoto wakaamka. Tani za mkaa. Mikono yote ikanyooka, na wewe ukanyoosha wa kwako. Mimi huku nikafurahi pamoja na wewe, nikamwambia baba Mwanaidi, sasa mama atapumua.

Mama, hawakusema mkaa. Walisema hewa ukaa.

Nimelijua hilo kwa kumimina chai. Pale chuoni ninapopika ilifanyika semina ya mambo hayo ya kupunguza hewa chafu, wakaja watu wa wilayani na wa mbali zaidi. Nikiwa nazungusha chupa nikamsikia mtaalamu mmoja anaeleza kwamba hewa ukaa ni ile inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda na moto, ndiyo inayoharibu mvua. Miti inaimeza. Basi wale wanaochafua huko kwao wanawalipa wenye miti ili miti iendelee kumeza. Kinachouzwa ni huko kumeza. Halafu akataja vijiji vya Handeni vilivyoridhia kwa kauli moja, na chetu kimo. Nilisimama na chupa mpaka mtu akaniambia, mama, chai inamwagika.

Kauli moja. Ndiyo, ilikuwa moja, ila ilikuwa ya neno jingine.

Nikuambie na habari ya hapa jikoni, ucheke kidogo kabla sijakasirika tena. Serikali imekataza taasisi kubwa kupikia kuni na mkaa, nasi tukaletewa gesi. Sisemi uongo, ni nzuri. Macho yangu yameacha kuwasha, na Shabani mgongoni hakohoi kama alivyokuwa akikohoa dada yake. Lakini siku ya makande gesi inakwisha kabla mahindi hayajalainika, na ya kununua nyingine mpaka karatasi ipite ofisi zote. Basi bosi wetu wa stoo anatuletea mkaa kwa geti la nyuma, kwenye magunia yaliyoandikwa sembe. Siku ile ya semina makande yalichemka kwa sembe hiyo hiyo, na ukutani juu yetu kuna bango la nishati safi.

Nje ya dirisha la jikoni gari moja la wageni lilikuwa linanguruma toka asubuhi, halizimwi. Nikatoka nikamwambia dereva, "Mghosi, ndugu yangu, zima gari, moshi wote unaingia kwangu."

Akasema, "Nikizima, bosi akitoka atakuta joto."

"Kwani humo ndani wanazungumza nini?"

Akapangusa usukani, akasema, "Hilo hilo joto."

Tukacheka wote wawili, na gari halikuzimwa. Mama, sasa niambie. Gari linanguruma mchana kutwa ili kiti kisipate joto, hakuna aliyelivua ufunguo. Wewe na kuni zako za kuokota, umevuliwa panga njiani.

Usifikiri natetea wachoma mkaa. Mlima wa kule upande wa Sindeni nimeuona ulivyokuwa, nimeuona ulivyobaki baada ya malori, na kisima cha chini yake kilivyogeuka tope. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba mti mbichi una wenyewe, na wenyewe hawajazaliwa. Hujawahi kukata mti mbichi. Msitu ule umesimama mpaka leo ukapata wa kuununua kwa sababu watu kama wewe mliokota kilichoanguka mkaacha kilichosimama. Wangeanza kwa kuwashukuru.

Na ule mtungi mdogo wa gesi mliogawiwa siku wageni walipowapiga picha nimeusikia pia. Uliisha mapema, na kuujaza mpaka Handeni mjini. Mama Fatu anasema wako unaukalia ukichambua mboga. Angalau ni kigoda imara.

Sasa kaka, hapa ndipo pako. Semina ilipovunjika nilimfuata dada mmoja wa wale wataalamu, mtoto mgongoni, mikono ina mafuta. Nikamuuliza, "Samahani dada, na kuni kavu zilizoanguka, nazo ni marufuku?"

Akaniambia, "Hilo wananchi wenyewe wanapanga. Linaingia kwenye sheria ndogo za kijiji, mkutano mkuu unapitisha. Kwenu mlipitisha nini?"

Nikamwambia kwetu tulipitisha mkaa. Hakunielewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Kwa hiyo kaka, ulipomwambia mama kwamba serikali imekataza, serikali gani? Mama Fatu anasema hakuna mkutano uliokataza kuni kavu. Ni ninyi wa kamati ya msitu, mmekaa wenyewe mkasema tukaze, ili wageni wakija wakute msitu msafi. Msafi. Kama sebule. Mmefunga njia ambayo hata wageni hawakuwaambia mfunge, na wa kwanza kumkamata ukamkamata aliyekuzaa, ili wengine waone huna upendeleo.

Najua unanitazama kupitia karatasi hii unasema, mdogo wangu amekwenda Korogwe amejifunza maneno. Sikujifunza. Nimechoka tu. Naamka kabla ya adhana, napikia watoto wa watu, narudi nafulia wa kwangu, na kwa muda wote huo nilikuwa nikijipa moyo kwamba huko nyumbani yupo kaka. Ukifika ugonjwa yupo kaka. Hilo ndilo uliloninyang'anya mimi, na sina msitu wa kwenda kuokota lingine.

Lakini bado wewe ni kaka yangu, na koti lile sikuambii ulivue. Lindeni msitu. Wazuieni wenye malori wasiuingie. Ila mkutano mkuu unaokuja, lisemwe wazi na kwa neno linalosikika mpaka nyuma, kwamba tulichouza ni hewa na si mkaa, na anayekubali akubali hilo. Na kuni kavu ziandikwe kwamba ni za wanakijiji. Mimi nimekwisha omba ruhusa kazini. Nitakuja na Shabani mgongoni, tutakaa nyuma na wanawake, na spika ikikoroma nitasimama niseme haisikiki. Ukitaka kunitoa nje, utanitoa mbele ya mama.

Mama, usilie na usimtetee. Najua umekwisha fungua mdomo kusema ana watoto wa kulisha. Anao, na mimi ninao. Kinu usiendelee kukichoma. Kilichobaki kiweke ndani, hata kipande, nikija nikione.

Nisalimie wifi yangu Saumu, mwambie sina neno naye, kitenge chake nitakileta mwenyewe. Nisalimie shangazi, na meno yake yaliyobaki. Mzee Sefu mpe shikamoo yangu, umwambie swali lake lilikuwa zuri, ni jibu ndilo lililokuwa na mlango wa nyuma. Mama Fatu, asante kwa kukaa mpaka hapa, sasa unaweza kunywa uji wako.

Mama, barua imekwisha. Nyoosha mkono wako, ule ule ulionyoosha mkutanoni. Safari hii si kura.

Kaka, karatasi usiikunje kwanza. Iweke chini, nenda kalilete panga.

Ni mimi mwanao, na mdogo wako,
Mwajuma, Mama Mwanaidi