Suruali ya Mafundo

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vioo.
9 Juni

Dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi zikufikie huko uliko. Natumai u mzima, magoti yamepunguza ukorofi, na shemeji bado anakoroma, maana siku akinyamaza ndipo uwe na wasiwasi. Huku joto limepungua kidogo. Mimi nipo.

Kila Jumapili kwenye simu unaniuliza kama nimepona, nami nakujibu naendelea vizuri, kisha tunahamia habari za watoto. Simu ikikatika nabaki nimeikodolea macho. Leo nimeona heri niandike.

Mgongo haujapona, dada. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni, na daktari ameniambia waziwazi kwamba haya ni ya kuishi nayo. Dawa zinapunguza makali tu. Siwezi kukaa kitini nikamaliza hata mkono mmoja wa koti. Tajiri wangu alinivumilia kadiri alivyoweza, kisha cherehani akampa fundi mwingine. Nilipokwenda kuchukua mkasi wangu nilimkuta fundi huyo ameukalia mto wangu, nikaona haya kuuomba.

Wageni nao wamekwisha. Ugonjwa ukiwa mpya watu huja na matunda. Ukizoeleka hukusalimia wakiwa chini ya ngazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuna siku inapita nzima sijamsemesha mtu, labda kumfukuza paka wa jirani tu, naye akiondoka namkumbuka.

Lakini mikono ya fundi haijui kukaa bure. Nilijilaza chali, nikatoa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye suti za watu, nikaanza kushona kwa mkono suruali ambayo hakuna aliyeiagiza. Kipimo ni changu. Mguu ukichoma, nafunga fundo la uzi mwekundu palepale panapochoma. Ukitulia, naendelea na mshono. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya upweke.

Juzi akaja Pasi, yule tuliyejifunza naye kazi, kunirudishia futi yangu ya kupimia. Aliishika ile suruali akacheka.

"Wewe umeigeuza. Tangu lini fundi mzima akaacha mafundo nje?"

Nikatazama, kweli. Ukishona umelala, kitambaa kikiwa juu ya uso, nje inakuwa ndani bila wewe kujua. Kwa kosa hilo mwalimu wetu angetuchapa vidole kwa rula. Nikachukua wembe nifumue. Pasi alikuwa anapitisha vidole kwenye mguu wa kushoto, taratibu, toka kiunoni kushuka. Kicheko kikamwisha.

"Mpaka huku chini?"

"Mpaka huko."

Akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka chai yake ikapoa. Dada, ni mtu wa kwanza kujua ninavyoumwa bila mimi kujieleza. Alipoondoka nililia, kisha nikarudisha wembe kwenye kopo.

Sitakudanganya: maumivu hayakupungua hata chembe, na jioni ile chumba kilikuwa kimya kuliko kawaida. Ila kesho yake nilipoamka nayo, nilijua pa kuyaweka. Sasa nashona shati, maana mabega nayo yameanza.

Suruali nimempa dereva wa basi akuletee. Usimpe shemeji, haitafika tumboni. Ipapase ukiwa peke yako.

Nisalimie shemeji, mwanao mkubwa, na shangazi na redio yake. Mungu akulinde, akupe usingizi usiokatika.

Na Jumapili ukinipigia, usiniulize tena kama nimepona. Niulize nimeshona nini.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitindamimba wenu