Mia na Tatu

Jumatatu, 3 Juni 1957
Nimefua, nimepika, nimemlaza mwanangu Ezra. Sasa naandika. Mwalimu Dorika anataka sisi wanawake wa darasa la jioni kanisani tuandike kila siku, kwa Kiingereza. Changu bado kinachechemea. Naandika Kiswahili, na hakuna atakayeona.

Leo ametupa maneno ya mia. Warumi walikuwa na neno lao la mia, "centum", na Waingereza wakalikatakata wakajitengenezea yao. Senti imetoka humo, kwa sababu shilingi moja ina senti mia. Karne ni "century". Tandu ni "centipede", eti ana miguu mia. Nani alimshika tandu akatulia ahesabiwe? Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka.

Ezra anapenda ile senti kumi yenye tundu. Nimeitia uzi nikamvika shingoni. Anakohoa kidogo.

Mume wangu Zakayo yuko Sachangwan na genge lake la reli tangu Pasaka. Kitanda ni kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Jumatano, 5 Juni
"Centigrade". Kipimo cha joto. Maji yakifika mia yanachemka. Hili nimelipenda. Nikipika chai nimeyakodolea macho maji mpaka yakatokota. Mia hiyo.

Ezra ana macho mekundu. Amekataa uji.

Ijumaa, 7 Juni
Surua. Imeingia kifuani. Hospitali wamemchukua wakamweka wodi ya kutengwa, mlango ukafungwa mbele ya pua yangu. Askari wa pale: "Mama, rudi nyuma. Hapa hapana ingia." Nimerudi na shuka lake mkononi. Lina harufu yake. Sitalifua.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Nilizunguka nyuma ya wodi. Madirisha yako juu na mimi Mungu aliniumba mfupi. Nilichoona ni dari. Lakini nilimsikia akikohoa. Kikohozi chake nakijua hata kikichanganywa na vya watoto wote wa Nakuru. Nikamwita. Askari akanifukuza.

Mchana Mwalimu alikuja kunipa pole. Akanisomea habari za akida wa Kirumi, mkubwa wa askari mia. "Centurion", naye ametoka kwenye lile neno. Mtumishi wake aliugua, akamwambia Bwana asisumbuke kuja nyumbani, aseme neno tu. Mwalimu alidhani nitafarijika. Nimekasirika. Akida aliridhika na neno. Mimi siridhiki. Nataka mtoto mwenyewe, hapa, mapajani.

Jumatatu, 10 Juni
Sista wa wodi alitoka, nikamng'ang'ania gauni. Joto la Ezra ni kiasi gani? Akasema mia na tatu, akarudi ndani mbio.

Mia na tatu. Maji yanachemka kwa mia. Mtoto wangu amepita maji.

Nilikimbia mpaka stesheni. Sisi watu wa reli hatungoji posta. Neno unampa gadi wa gari la mizigo, analishusha linapotakiwa. Leo alikuwa Mzee Odera. Nikamwambia, mwambie Zakayo mtoto amefika mia na tatu, damu inachemka, aje. Alivua kofia.

Jumanne, 11 Juni
Zakayo alifika asubuhi, juu ya behewa la mbao za Elburgon. Hakuomba ruhusa kwa nyapara. Uso mweusi wa masizi, michirizi miwili safi chini ya macho. Kwapani alikuwa na kitambaa cheupe, kipya, hakijakunjuliwa. Alikinunua njiani. Sikuuliza cha nini. Nilijua ni sanda.

Mwalimu Dorika akatukuta hivyo. Nikamweleza. Akakaa kwenye stuli, akanieleza polepole. Kipimo cha hospitali si kile cha darasani. Ni kingine, na katika hicho maji hayachemki mpaka mia mbili na kumi na mbili. Mia na tatu ni homa. Kali, lakini homa.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemuua mtoto wangu kwa maneno, reli nzima. Zakayo hakunigombeza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu hakikuwa kicheko tena.

Jioni tulikwenda nyuma ya wodi. Askari akamtazama Zakayo na masizi yake. Akasema, "Mimi hapana ona mtu," akaenda zake upande wa pili. Zakayo akachuchumaa. Nikapanda mabegani kwake, mimi mama mzima. Nikamwona Ezra. Amekonda. Senti yake iko shingoni. Akageuka, akaniona, akanitazama bila kulia. Nilishikilia kichwa cha Zakayo kwa mikono miwili. Chini mume, mbele mtoto. Sikutaka kushuka.

Alhamisi, 13 Juni
Zakayo alirudi kazini jana. Leo Mzee Odera ameshusha neno: nyapara amemnyima likizo mpaka Krismasi.

Darasani ni "per cent", yaani sehemu katika mia. Tukaambiwa tutunge sentensi. Yangu ilisema mume wangu huwa nyumbani sehemu ndogo sana katika mia. Mwalimu aliisahihisha, kisha akaweka mkono begani kwangu.

Nilimwita kwa kosa. Ningemwita tena.

Jumanne, 18 Juni
Sista anasema joto limeshuka na anakula. Namshukuru Mungu. Bado sijaridhika na neno.

Jumatano, 26 Juni
Wamemtoa. Sista alimleta mlangoni. Nikanyoosha mikono. Ezra akajificha nyuma ya gauni la sista.

Akasema, "Huyu si mama. Mama ni mrefu."

Nilimbeba hivyo hivyo, mateke na yote, mpaka kwenye nyumba za reli. Majirani walitoka kutazama. Wengine walikuwa wameshanililia. Usiku amelala akiwa amenipa mgongo. Inauma kuliko mlango ule wa wodi.

Alhamisi, 27 Juni
Kile kitambaa cheupe nimekishona shati. Ezra amelivaa. Limempwaya. Ameshinda mlangoni akichezea senti yake, mimi hanisogelei.

Jioni nilipanda stuli kutundika taa. Nikahisi ananitazama. Akaja taratibu, akasimama chini yangu, akainua kichwa. Akanishika pindo la kanga.

"Mama," akasema. "Baba yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Sachangwan. Gari la mizigo likapita likielekea huko. Sikushuka. Uji ukaungua.