Mama Mkwe, Debe Lako Bado Linang'aa

Mpendwa Mama mkwe,

Assalamu aleikum huko uliko. Miaka yote tuliyokaa nyumba jirani hapa Garissa, mimi na wewe hatukuwahi kuzungumza uso kwa uso. Ndiyo heshima ya mkwe kwenu, na mimi, kijana wa Kipokomo kutoka ng'ambo ya mto Tana, niliishika kwa mikono miwili. Ulikuwa unazungumza na ukuta, au na binti yako Halima, nami najibu nikitazama viatu vyangu. Leo hakuna wa katikati, basi nisikilize mwenyewe.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa miaka ya tisini. Nilipoleta posa, baba mdogo wake Halima alicheka mpaka akamwaga chai. "Wallahi, huyu mutu ya chuma ataoa kwetu?" Kwenu zamani, wafua chuma hawakuoana na wafugaji, na kwake yeye fundi wa kuchomelea kama mimi alikuwa ni yule yule mfua chuma. Kesho yake Halima akaja bandani kwangu, pale kwa mafundi wa jua kali karibu na soko la mifugo, amebeba debe lako la maziwa, lile la stainless, chuma kisichoshika kutu, limepasuka chini. "Mama anasema uzibe," akaniambia. Nikajua ninapimwa.

Mashine yangu, haki ya Mungu, ilikuwa kichekesho. TIG ndogo, ya kuchomelea kwa umeme na gesi, ya bei ya chini, ya kuchezea nyumbani, niliyoileta kutoka Nairobi juu ya basi. Vitu vya maana vyote walikuwa wameviacha: haina kanyagio la mguu, haina valvu ya kufungua na kufunga gesi. Ukitaka kuzima moto unainua tochi, ule mpini unaotoa moto na gesi, na ukiinua tochi, ile gesi inayokinga chuma dhidi ya hewa inaondoka nayo. Chuma kinabaki wazi kingali chekundu, kinageuka cheusi, kinaota vijitundu. Nikaziba debe lako hivyo hivyo, nikalisugua, nikajiona bingwa.

Maziwa ya ngamia kutoka Kotile yalikaa humo asubuhi moja tu. Vijitundu vilishika mabaki, adhuhuri maziwa yakachacha, na wateja wakakurudishia sokoni mbele za watu. Baba mdogo akatembea kibanda hadi kibanda akitangaza, "Si nilisema? Mukono ya chuma haiwezi kushika maziwa." Siku ile nilidhani nimeshampoteza Halima. Nililia, Mama, nyuma ya mtungi wa gesi, mtu mzima na ndevu zangu.

Ungeweza kuyamaliza pale pale, na nani angekulaumu? Badala yake ulikuja na Halima, ukalitua debe mlangoni, ukakaa kwenye gogo ukinipa mgongo. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Nairobi, mashine nyingine ningeisikia redioni tu. Ukaomba makaa kwenye jiko langu la chai, ukaanza kufukiza kibuyu chako cha maziwa kama ulivyofanya kila siku. Ulitikisa makaa ndani, ukayamwaga, ukabana kifuniko juu ya moshi. Mimi kwa kiherehere changu nikanyoosha mkono nikufungulie.

"Halima, mwambie asifungue mabema," ulisema, 'p' ikitoka 'b' kama kawaida yako. "Moto imekwisha, kazi bado. Moshi ikae ndani mbaka kibuyu ibowe."

Halima hakuwa na haja ya kunifikishia. Nilikitazama kibuyu, nikaitazama tochi yangu, nikaona kosa lote lilipo. Mpaka leo sijui kama ulikusudia. Halima anaapa kwamba ulikusudia, na mimi nimekubali, maana kukusifu wewe hakuna hasara.

Nikavamia vyuma chakavu. Valvu niliing'oa kwenye mashine mbovu ya kufulia nguo, swichi kubwa kwenye pampu ya kisima kilichokauka, rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, kwenye gari lililokufa, na kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme, kwenye redio ya zamani. Kanyagio nililitengeneza kwa bawaba ya mlango. Nikikanyaga, gesi na umeme vinakuja pamoja. Nikiachia, moto unazimika lakini tochi inabaki pale pale, na ile kapasita inaishikilia valvu wazi kwa muda, gesi ikizidi kupuliza mpaka chuma kipoe. Walioiunda mashine ile wangeiona wangeomba kujifunza. Nikaukwangua ule mshono mweusi, nikachomelea upya. Ulitoka mweupe, laini ukipitisha kidole.

Safari hii hukuyauza maziwa asubuhi. Uliyaacha debeni mpaka baada ya swala ya alasiri, kisha ukamwita baba mdogo katikati ya soko, ukamjazia kikombe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wauza mkaa. Akanywa kidogo. Akanywa tena. Akamaliza kikombe, akajipangusa midomo. Ndipo ukapaza sauti wewe, mwanamke niliyekujua kwa sauti ya chini tu:

"Hii debe imeshonwa na mkwe yangu! Mkwe, uko wabi?"

Posa ilikuwa haijakubaliwa bado, na tayari umeniita mkwe mbele ya soko zima. Hakuna aliyethubutu kukupinga. Nimechomelea mageti, matangi na mabodi ya malori tangu siku ile, na sijawahi kuwa na fahari kama niliyokuwa nayo nyuma ya wale wauza mkaa. Sikujivunia mshono. Nilijivunia kuwa wako.

Debe liko kwetu, Halima analitumia, na chini bado linang'aa. Baba mdogo, mzee sasa, wiki iliyopita kaniletea sufuria yake niizibe. Nimemzibia bure, tena kwa kanyagio lile lile.

Jambo moja tu limenikaa rohoni. Siku ile uliponiita, sikuitika. Adabu ya mkwe ilinifunga mdomo, nikainamisha kichwa, nawe ukaondoka na debe lako. Pumzika kwa amani, na uupokee leo mwitiko wangu uliochelewa.

Naam, Mama. Niko hapa.

Mkwe wako,
mutu ya chuma