Dawa za Mjomba Tsiskwa kwa Herufi Zetu

Jumatatu, 3 Oktoba 1825

Nimefungiwa! Si kwa kufuli — kwa mwiko. Mjomba Tsiskwa, kaka yake mama na mganga wa ukoo wetu wa Mbwamwitu, anakohoa damu. Hana mwanafunzi. Dawa zake ni maneno ya kunuizia, yote yamo kichwani mwake, na hapa nyumbani anayezijua herufi mpya za Kicherokee ni mimi tu. Basi ameamua: yeye atasema, mimi nitaandika. Mpaka tumalize sivuki kizingiti, ila alfajiri kwenda naye kuoga mtoni. Hata mama haruhusiwi kuingia humu.

Na huyuhuyu, miaka minne iliyopita, alisema aliyetuundia herufi ni mchawi, achomwe pamoja na makaratasi yake! Leo — "Andika, binti." Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumatano, 5 Oktoba

Dawa ya jino. Ya nyoka. Ya mtoto asiyelala. Vidole vyangu vyeusi kwa wino. Baada ya kila dawa Mjomba hupuliza mara nne. Nikamwambia pumzi haina herufi.

"Huyo mtunga herufi katunga themanini na kitu, moja ikamshinda? Tunga wewe."

Nikachora kiduara chenye mkia. Akakitazama, akacheka mpaka akakohoa. Nilifurahi, nakiri.

Jioni Tawodi, mume wangu, alisimama uani akasema na mama kwa sauti kubwa, makusudi nisikie: mashua ya kwenda Arkansas, mbali magharibi, inaondoka Jumapili asubuhi. Ndugu zake wote wameshahamia huko. Mama akamjibu kwamba mume ndiye huja kwa mke, si mke kumfuata mume kama mbwa. Nyumba ni ya mama, shamba ni la mama. Nani ambishie?

Alhamisi, 6 Oktoba

Mkono unauma. Namchukia mzee huyu. Nilipougua homa utotoni alikesha nami siku nne.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimemwambia: kesho naondoka na Tawodi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika!

"Na kitabu?"

Nakuachia, nikasema.

"Asome nani? Mama yako? Kuku?"



Jumapili, 9 Oktoba

Asubuhi ameanza dawa nyingine, polepole. Sijapata kuisikia. Ni ya kumshika mtu — njia zake zote zijae ukungu, miguu isahau kwenda, moyo ukae hapahapa. Nikaandika tu, mkono umeshazoea, unaitangulia akili. Akasema: "Hapo weka ukoo."

Wa nani? Ukoo gani? "Wetu." Nikaandika Mbwamwitu.

"Sasa jina."

Nikauliza jina la nani. Machozi yanamtoka, mzee mzima! Ndipo nilipoelewa: ni langu. Bila jina dawa haishiki, na yeye hawezi kulitamka. Anataka niliandike kwa mkono wangu.

Tawodi anapiga mluzi mtoni. Mara ya pili hii. Mjomba kafumba macho, anasikiliza unyoya wa kuandikia ukikwaruza karatasi, anadhani naliandika. Kumbe ni haya ninayoyaandika, kwenye karatasi yangu, si kitabuni mwake. Nikiacha tu, atajua sijaliandika.